Ramana Maharshi na swali la mimi ni nani

Neno nafsi lina makao mawili katika Kiswahili. Makao ya kwanza ni darasani, pale mwalimu wa sarufi anapoandika ubaoni nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha akawaeleza wanafunzi kwamba mimi na sisi ni vya nafsi ya kwanza. Makao ya pili ni katika mazungumzo ya dini na maadili, ambako nafsi ni ule undani wa mtu unaohuzunika, unaotamani na unaotafuta kutulia. Wanafunzi wetu hukutana na neno hili katika makao yote mawili, lakini ni nadra sana kuulizwa kama kuna njia inayotoka katika moja kuelekea katika jingine.

Katika lugha ya Kitamili, inayozungumzwa kusini mwa India, njia hiyo iko wazi. Neno tanmai, ambalo wanasarufi wa lugha hiyo hulitumia kumaanisha nafsi ya kwanza, lina pia maana ya asili ya kitu, yaani vile kitu kilivyo chenyewe. Mtamili mmoja aliifuata njia hiyo kwa maisha yake yote. Dunia inamjua kwa jina la Ramana Maharshi. Nimeona ni vyema nisimulie maisha yake katika safu hii kwa kuwa alianza safari yake akiwa mwanafunzi wa shule, tena mwanafunzi aliyechoshwa na kazi ya sarufi, na kwa kuwa swali alilolishika linawahusu vijana wetu wanaoingia katika vyumba vya mitihani mioyo ikiwadunda.

Alizaliwa tarehe 30 Desemba 1879 katika mji mdogo wa Tiruchuli, akapewa jina la Venkataraman. Baba yake, Sundaram Iyer, aliwatetea watu mahakamani ingawa hakuwa na shahada rasmi ya uwakili, na mama yake aliitwa Alagammal. Baba alifariki mwaka wa 1892, na kama inavyotokea hata katika jamaa zetu, watoto wakagawanywa. Venkataraman na kaka yake Nagaswami wakachukuliwa na ami yao katika mji wa Madurai. Huko kijana aliingia shule ya wamishenari wa Kimarekani. Alikuwa mtoto wa kawaida kabisa. Alipenda michezo kuliko vitabu, alikuwa na kumbukumbu kali iliyomwezesha kusogea bila ya jitihada kubwa, na usingizi wake ulikuwa mzito kiasi kwamba wenzake waliweza kumbeba na kumpiga akiwa amelala, asubuhi asijue lolote.

Katikati ya mwezi wa Julai 1896, akiwa na umri wa miaka 16, alikuwa peke yake katika chumba cha juu nyumbani kwa ami yake. Hakuwa mgonjwa. Ghafla akashikwa na hofu ya kufa. Wengi wetu hofu ya namna hiyo ikitujia hukimbilia kwa watu, au huwasha redio, au hujitia kazini. Kijana huyu alifanya kinyume. Alilala chali, akanyoosha miguu na mikono ikawa migumu kama ya maiti, akafumba midomo na kuzuia pumzi. Kisha akajisemesha kwamba sasa mwili umekufa, utabebwa hadi mahali pa kuchomea maiti na utageuka majivu. Je, mwili huu ukifa, nami nimekufa? Akatambua kwamba hata katika hali ile ya ukimya alikuwa angali akijihisi yupo, na kwamba ule uhai aliouita mimi haukulala pamoja na mwili. Hofu ya kifo ikamtoka, na kwa ushuhuda wake wa baadaye haikumrudia tena.

Hapa inafaa kueleza kidogo mafundisho ya Kihindu ambayo kijana huyu alikuwa hajayasoma kwa undani siku hiyo. Katika maandiko ya kale yaitwayo Upanishadi, undani wa kweli wa mtu huitwa atma. Msomaji analijua neno hili bila ya kufahamu, kwani limo ndani ya jina Mahatma alilopewa Gandhi, ambalo maana yake ni nafsi kuu. Tapo la falsafa liitwalo Advaita, ambalo mwalimu wake mashuhuri wa kale ni Shankara, hufundisha kwamba atma haizaliwi wala haifi, na kwamba haitengani na Brahman, yaani uhalisi ulio asili ya vyote. Mahangaiko ya binadamu, kwa mujibu wa tapo hili, hutokana na kujidhania. Mtu hujidhania kuwa ni mwili wake, jina lake, cheo chake na mawazo yake, na kila mojawapo linapotikisika naye hutikisika. Venkataraman alikuja kuyasoma haya baadaye, akakuta vitabu vikieleza jambo alilokwisha kuliona.

Turejee Madurai. Baada ya siku ile kijana alibadilika. Chakula hakikumpendeza wala kumchukiza, michezo ilimtoka akilini, na alizoea kwenda katika hekalu kubwa la Meenakshi na kusimama humo kwa muda mrefu akitokwa na machozi. Masomo yakadorora. Tarehe 29 Agosti 1896 alikuwa amepewa adhabu ya kunakili mara tatu zoezi kutoka katika kitabu cha sarufi ya Kiingereza cha Bain. Aliandika mara mbili. Kabla ya kumaliza mara ya tatu aliona kazi ile haina maana, akasukuma karatasi kando na kufumba macho. Kaka yake aliyekuwa akimtazama akamkemea, akitaka kujua mtu mwenye mwenendo kama ule anang'ang'ania vitabu vya shule vya nini.

Maneno hayo yalimchoma, lakini aliyaona kuwa ya haki. Akaaga kwamba anakwenda shuleni kusikiliza somo la umeme. Kaka akamwambia achukue rupia 5 sandukuni akamlipie karo ya chuo. Rupia hizo zilikuwa sarafu ya kule India na pia ndizo zilizotumika Mombasa wakati ule. Kijana akafungua atlasi ya zamani, akatafuta stesheni iliyo karibu na Tiruvannamalai, mji ulio chini ya mlima mtakatifu wa Arunachala, ambao jina lake lilikuwa limemvuta tangu aliposikia miezi michache nyuma kwamba ni mahali halisi panapofikika. Akakadiria kwamba rupia 3 zingemtosha. Rupia 2 alizirudisha pamoja na barua fupi.

Barua hiyo inastahili kuangaliwa na mwanafunzi yeyote wa lugha. Mstari wa mwanzo umeandikwa katika nafsi ya kwanza. Anaeleza kwamba ameondoka kumtafuta Baba yake, yaani Mungu, kwa kutii amri yake. Kuanzia sentensi ya pili nafsi ya kwanza inatoweka. Mwandishi anajitaja kwa neno lenye maana ya hiki, kama anayetaja kitu kilicho mezani, akiomba kwamba pasitumiwe fedha kukitafuta. Mwishoni, mahali pa kutia sahihi, pana mstari mtupu. Kijana hakuwa akifanya mchezo wa mtindo. Lugha yake ilifuata kilichokuwa kikimtokea, maana yule aliyekuwa akijiita mimi siku zote hakuona tena sababu ya kutia jina.

Safari ilikuwa na dhiki zake. Atlasi ile ilikuwa imepitwa na wakati, na ni mzee mmoja Mwislamu ndani ya gari-moshi aliyemweleza kwamba kuna njia ya reli inayofika Tiruvannamalai kwenyewe. Fedha zikamwishia, akatembea kwa miguu, akaomba chakula, akaweka rehani vipuli vyake vya dhahabu kwa rupia 4. Tarehe 1 Septemba 1896 aliingia katika hekalu kuu la mji ule. Siku hiyo akanyoa nywele, akatupa fedha zilizobaki, na kuipasua nguo yake akabakiza kitambaa cha kujisitiri. Hakuuacha mji ule tena hadi kufa kwake, kwa muda wa zaidi ya miaka 53.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kimya. Watoto watundu walimtupia mawe, naye akajificha katika chumba cha chini ya ardhi ndani ya hekalu, ambako wadudu waliyala mapaja yake mpaka yakawa vidonda, naye hakusogea. Watu wenye huruma walimtoa huko wakiwa wamembeba. Mwezi wa Desemba 1898 mama yake, aliyekuwa amemtafuta kwa muda mrefu, alimfikia. Alilia na kumsihi siku kadha arudi nyumbani, naye hakufungua kinywa. Hatimaye waliokuwapo wakamwomba angalau aandike neno, na akaandika kwamba Mungu humwendesha kila mtu kwa kadiri ya matendo yake, kwamba lisilopangwa halitakuwa na lililopangwa halizuiliki, na kwa hiyo lililo bora ni kunyamaza. Mama akarudi mikono mitupu.

Sitaki kulipitia jambo hili juu juu. Mwafrika aliyelelewa kumheshimu mama huona ukatili katika kimya hicho, na ana haki ya kuona hivyo. Mafundisho ya kutulia yanaweza kuwa kichaka cha kujifichia wajibu, na mzazi au mwalimu akiwa na shaka na mtakatifu aliyeacha shule na kumliza mama yake, shaka hiyo si ya upumbavu. Lakini maisha ya mtu hupimwa kwa urefu wake wote, na ya Ramana hayakuishia hapo.

Kutoka mwaka wa 1899 alikaa mlimani, kwa muda mrefu zaidi katika pango liitwalo Virupaksha. Mwaka wa 1902 afisa mmoja wa idara ya mapato ya serikali, Sivaprakasam Pillai, alimwendea na maswali. Ramana alikuwa bado haongei, kwa hiyo majibu aliyaandika. Maswali hayo na majibu yake yakaja kuwa kijitabu ambacho jina lake kwa Kitamili ni Nan Yar, maana yake Mimi ni Nani. Mwaka wa 1907 mshairi na mwanazuoni wa Kisanskriti, Ganapati Muni, alimwendea akiwa amekata tamaa licha ya elimu yake nyingi. Baada ya kupata majibu yake ndiye aliyemwita Ramana Maharshi, yaani Ramana mjuzi mkuu. Mtoro wa adhabu ya sarufi, kwa upande wake, alijifunza kwa vitabu vilivyoletwa pangoni hata akaweza kutunga mashairi kwa Kitamili, Kisanskriti, Kitelugu na Kimalayalamu.

Mafundisho yake yalikuwa mafupi. Alisema kwamba katika mawazo yote yanayomjia mtu, la kwanza ni wazo la mimi, na mengine yote hulining'inia hilo. Wazo la hofu likija, usipigane nalo wala usilifuate. Uliza limemjia nani. Jibu litakuwa limenijia mimi. Basi uliza huyo mimi ni nani, na uelekeze macho ya ndani kule anakotokea. Alionya kwamba swali hili si maneno ya kukaririwa kama dua, wala halitafuti jibu la kuandikwa kwenye karatasi. Kazi yake ni kuyarudisha mawazo kwenye chanzo. Aliwakumbusha watu pia usingizi mzito. Mle ndani hapana jina, cheo wala deni, na hata hivyo mtu huamka akasema amelala vizuri. Ni nani aliyekuwapo kuufaidi usingizi huo?

Mwanaisimu huliona jambo hili kwa njia yake. Neno mimi ni la ajabu miongoni mwa maneno. Neno meza huonyesha meza popote linapotamkwa, lakini mimi humwonyesha yule tu anayelitamka wakati huo, na likihama kinywa limehama maana. Fauka ya hayo, Kiswahili kina kiambishi ni- ambacho hakisimami peke yake. Ni lazima kibandikwe kwenye kitu kingine, tukasema nimefaulu, nimefeli, ninaogopa, nitafukuzwa. Tumezoea ubandikaji huo hata tukaona kwamba kilichobandikwa ndicho sisi. Mwanafunzi akisema amefeli, husikia kana kwamba kufeli kumekuwa asili yake. Ramana, kwa lugha ya darasani, aliwataka watu wakibandue kiambishi waone kinachobaki. Katika shairi lake la beti arubaini juu ya uhalisi, lililotungwa katika miaka ya 1920, alilitumia lile neno tanmai akieleza kwamba nafsi ya pili na ya tatu husimama juu ya ya kwanza, na kwamba ya kwanza ikichunguzwa hadi ikatoweka, kinachong'aa baada yake ndiyo asili ya mtu.

Je, aliyefundisha hivyo aliishi vipi na watu? Hili ndilo jibu kwa shaka tuliyoitaja. Mwaka wa 1916 mama yake alirudi, mara hii kukaa naye, na mwana hakumkataa. Mama akaanza kupika, na makao ya mlimani yakawa na jiko. Tarehe 19 Mei 1922, siku ya kufa kwake, mwana aliketi kando yake saa nyingi, mkono mmoja ameuweka kifuani pake na mwingine kichwani, hadi alipokata roho. Mama alizikwa chini ya mlima. Ramana alizoea kushuka kulizuru kaburi, na baada ya miezi michache hakupanda tena. Ashramu yake, yaani makao ya watafutaji wa Mungu yanayojulikana mpaka leo, ilikua kulizunguka kaburi la yule mama aliyewahi kurudishwa akilia.

Usiku wa tarehe 26 Juni 1924 wezi walivamia ashramu hiyo wakidhani ina mali. Ramana aliwazuia wafuasi wake kupigana, akawaacha wezi waingie. Walimpiga gongo pajani, naye akawaambia kwamba kama hawajaridhika wapige na la pili. Aliyemzuia kijana mmoja aliyetaka kulipiza kisasi alikuwa yeye huyo aliyepigwa. Katika maisha ya kila siku aliamka kabla ya mapambazuko akaketi jikoni kukata mboga. Alisahihisha kurasa za vitabu vilivyokuwa vikienda kuchapwa, na alikataa kula au kutumia chochote ambacho wengine hawakugawiwa. Mbwa, tumbili na kuchakulo walikuwa na haki zao pale, na ng'ombe mmoja aliyeitwa Lakshmi alipokufa mwaka wa 1948 alizikwa kwa heshima.

Wageni walimiminika. Mwandishi Mwingereza Paul Brunton alifika mwaka wa 1931, na kitabu alichokitoa mwaka wa 1934 kikalieneza jina la Ramana katika nchi za Magharibi. Mwaka wa 1938 walifika mwandishi wa riwaya Somerset Maugham, na pia Rajendra Prasad, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa India. Wengi wa waliokuja walikuwa watu wenye ajira na watoto, na baadhi yao waliomba ruhusa ya kuacha kila kitu wakae msituni. Mtoro wa Madurai aliwarudisha kazini. Aliwaeleza kwamba mtu akihama nyumba akili yake huhama naye, na kwamba anayejidhania kuwa mtawa hana tofauti na anayejidhania kuwa mwenye nyumba, kwa kuwa kujidhania ni kule kule.

Mtihani wake wa mwisho ulikuja na maradhi. Uvimbe mdogo ulitokea katika mkono wake wa kushoto, ukakatwa mwezi wa Februari 1949, ukarudi, na ikathibitika kwamba ni saratani. Alipasuliwa mara nne katika mwaka huo. Madaktari walipopendekeza mkono ukatwe alikataa. Hakuuficha uchungu wa mwili, lakini hakukubali kwamba uchungu huo ulikuwa yeye, na aliagiza kwamba watu waliotoka mbali wasizuiwe kumwona. Wafuasi waliolia kwamba anawaacha walijibiwa kwamba hana pa kwenda. Alifariki jioni ya tarehe 14 Aprili 1950.

Ni faida gani mwalimu na mwanafunzi wa Kenya wataipata katika maisha haya? Tumeishi na ndugu zetu Wahindu kwa zaidi ya karne moja. Twayajua mahekalu yao ya Mombasa na Nairobi kwa nje, na maduka kwa ndani, bali fikra zao hatujazigusa. Si lazima mtu aiache imani yake ili anufaike nazo. Mwislamu na Mkristo watakuwa na jambo la kutofautiana na Advaita, hasa pale inaposema kwamba nafsi na Muumba havitengani, na tofauti hiyo isifichwe. Hata hivyo swali lenyewe linaweza kuulizwa na yeyote.

Wala nisieleweke kwamba natulia kwa niaba ya mwenye njaa. Mwanafunzi asiye na karo anahitaji karo, na mwalimu asiyelipwa anahitaji mshahara. Kumwambia mmoja wao atafute amani ya ndani huku tumekalia haki yake ni dhuluma juu ya dhuluma. Lakini kuna mahangaiko ambayo mshahara hauyaondoi. Kijana wa kidato cha nne hujiona ameangamia kwa sababu ya herufi moja iliyoandikwa kwenye cheti. Tumemfundisha hivyo sisi walimu, tunapomwita mwanafunzi wa D kana kwamba D ni ukoo wake. Mzazi humaliza kazi kwa matusi, na baadhi ya watoto hukata tamaa ya maisha.

Ningependa basi kwamba siku mwalimu wa Kiswahili anapofundisha viambishi vya nafsi, atenge dakika tano baada ya zoezi. Awaulize wanafunzi wanamaanisha nini wanaposema nimefeli, na kama yule anayetajwa na ni- alikuwapo kabla ya mtihani na atakuwapo baada yake. Watajibu kwamba alikuwapo na atakuwapo. Kisha wafungue vitabu wakaendelee na somo, kwa maana Ramana mwenyewe hakumwondoa mtu kazini.